Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu

Watoto wa Walikale wanaijua barabara inayotoka kwao kwenda kusini. Inapita katika msitu, inafika Hombo, inapanda Bunyakiri, inauzunguka mlima Kahuzi, kisha inashuka mpaka Bukavu, kando ya ziwa Kivu. Watoto wa Masisi wanaijua njia nyingine: hushuka Sake, wakafika Goma, na kutoka Goma hupanda mashua kubwa mpaka Bukavu. Katika mji huo wa Bukavu kuna mahali panapoitwa Nyawera. Hapo, tarehe 29 Oktoba 1996, jioni, aliuawa mzee wa miaka 70. Alikuwa na msalaba wake tu mkononi. Basi, tusome habari za mzee huyo.

Jina lake lilikuwa Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo. Alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Bushi, upande wa Walungu. Nchi hiyo ni ya vilima, ya ndizi na maharagwe na ng'ombe. Watu wake ni wengi, na mashamba yao ni madogo. Siku zile Kongo ilitawaliwa na Ubelgiji, na wamisionari walikuwa wamekwisha kufungua misioni na shule huko Bushi. Munzihirwa alisoma, akaingia seminari. Kijana aliyeingia seminari wakati ule alijua kwamba safari yake ni ndefu: miaka ya Kilatini, kisha miaka ya filosofia, kisha miaka ya teolojia. Wengi waliochoka walirudi nyumbani, wakawa walimu na makarani. Yeye hakurudi. Mwaka 1958 alipewa upadri, naye alikuwa na miaka 32.

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, nchi ilipata uhuru, na mara zikaanza fujo. Askari waliasi, mikoa ilijitenga, watu walikimbia huku na huku. Padri Munzihirwa aliona mambo hayo akiwa bado kijana. Nadhani aliyaona vizuri, maana tangu hapo alitaka kujua kwa nini nchi yenye utajiri mwingi ina watu maskini namna hii.

Mwaka 1963 alifanya jambo lililowashangaza wengine. Aliomba kuingia katika Shirika la Yezu, ambalo watu wake huitwa Wayezuiti. Alikuwa padri tayari; kumbe alikubali kuanza tena kama mwanafunzi, akiwa na miaka 37, pamoja na vijana ambao hawajapata chochote. Si rahisi mtu aliyezoea kuitwa Padri arudi kukaa kwenye benchi. Wakubwa wake walimtuma Ubelgiji, katika chuo kikuu cha Louvain, akasome elimu ya mambo ya jamii na ya uchumi. Huko alijifunza jinsi fedha zinavyotembea duniani, bei za vitu zinavyopangwa, na kwa nini mkulima anayelima kahawa hapati bei anayostahili. Elimu hiyo ilimsaidia sana baadaye, kwa sababu watu wenye silaha walipomwambia kwamba vita ni vya kabila tu, yeye aliuliza kwanza nani ananunua bunduki, na nani anauza.

Aliporudi alikaa Kinshasa. Wakati huo rais wa nchi alikuwa Mobutu, jenerali aliyekuwa ametwaa utawala mwaka 1965. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium walikuwa wameandamana, na askari wakawapiga risasi, na wengi wakafa. Miaka miwili ikapita. Mwezi wa Juni 1971 wanafunzi wakataka kuwakumbuka wenzao waliouawa. Mobutu akakasirika sana. Akafunga chuo, akaamuru wanafunzi wote waingizwe jeshini kwa nguvu. Vijana waliozoea kalamu na daftari wakavikwa nguo za askari, wakapigishwa kwata, wakatukanwa.

Padri Munzihirwa alikuwa mlezi wa vijana hao. Angeweza kubaki nyumbani kwa mapadri akiwaombea, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yeye alikwenda akaomba naye aandikwe askari, ili ateseke pamoja nao. Fikirini, watoto: mtu wa miaka 45, padri, mwenye elimu ya Ulaya, amesimama kwenye mstari pamoja na vijana wanaoadhibiwa. Wakubwa wa jeshi hawakujua la kufanya naye. Wanafunzi wale, waliokuja kuwa waganga na walimu na mahakimu, hawakusahau.

Baadaye alifundisha na kuwalea vijana wa shirika lake, na mwaka 1980 akafanywa mkubwa wa Wayezuiti wote wa Afrika ya Kati. Kazi hiyo ilimpeleka katika nchi tatu, yaani Zaire (ndilo jina la Kongo kutoka 1971 mpaka 1997), Rwanda na Burundi. Akazijua barabara zao na magomvi yao. Akawa na rafiki kati ya Bahutu na kati ya Batutsi. Neno hili mlishike, maana litarudi.

Mwaka 1986 Baba Mtakatifu alimfanya askofu msaidizi wa Kasongo, na mwaka 1990 akawa askofu wa Kasongo kamili. Kasongo iko Maniema, mbali sana, karibu na mto Lualaba. Ni mji wa zamani wa Waungwana, ambako Tippu Tip alikuwa na makao yake makubwa katika karne ya 19, na ambako Kiswahili kilianza kusemwa kabla ya kufika kwetu Kivu. Askofu alikuta jimbo kubwa na barabara mbovu. Gari lilikwama matopeni siku nzima, na mara nyingi miguu ilikuwa bora kuliko gari. Hakupenda makuu. Waliomjua wanasema aliishi kama mtu wa kawaida, na mlango wake haukufungwa.

Siku zile serikali ya Mobutu ilikuwa inaoza. Mshahara wa mwalimu haukutosha kununua gunia moja la mihogo. Fedha zilipoteza thamani upesi sana, hata mwishoni mwa mwaka 1992 serikali ikachapa noti moja ya zaire 5,000,000. Wafanya biashara wakaikataa. Askari walilipwa mshahara kwa noti hizo. Walipokwenda dukani wakarudishwa nazo. Basi wakachukua bunduki wakavunja maduka. Kinshasa iliporwa mara mbili, mwaka 1991 na mwaka 1993, na miji mingine mingi iliporwa vile vile. Askari wa jimbo la Kasongo nao walinyang'anya watu. Askofu Munzihirwa hakunyamaza. Aliwakemea waziwazi, mbele ya watu, na kuwaambia wakubwa wao kwamba aliyepewa bunduki ili alinde mlango wa mtu hawezi kuuvunja mlango ule ule. Kusema hivyo wakati wa Mobutu kulikuwa hatari.

Sasa tuondoke kidogo Kasongo, twende Masisi na Walikale, maana huko nako moto ulikuwa unawaka.

Watoto, wazee wenu wanaijua habari hii kuliko mimi, na wengine hawapendi kuisema. Zamani za Wabelgiji, kuanzia mwaka 1937, makumi ya maelfu ya watu waliletwa kutoka Rwanda kuja kukaa Masisi, kufanya kazi katika mashamba makubwa na kulima. Wengine waliozungumza Kinyarwanda walikuwapo Kivu tangu zamani zaidi. Waliishi pamoja na Bahunde na Banyanga na Batembo, walioana, walisoma katika shule moja. Lakini mambo matatu hayakuisha: nani mwenye udongo, nani awe mwami wa nani, na nani ni raia. Mwaka 1981 sheria mpya ikawaondolea wengi uraia. Matajiri wakanunua vilima vizima wakavifanya malisho ya ng'ombe, na wakulima wa kila kabila wakabaki bila shamba. Wanasiasa walipoanza kutafuta kura, hawakusema juu ya matajiri wale. Walisema juu ya kabila.

Tarehe 20 Machi 1993 watu walikuwa sokoni Ntoto, katika wilaya ya Walikale. Walikuwa wamekuja kuuza na kununua. Hapo wakashambuliwa na kuuawa. Vita vikaenea Masisi yote. Maelfu ya watu walikufa, na zaidi ya 200,000 waliacha nyumba zao. Vijiji vya upande mmoja vilichomwa leo, vya upande mwingine kesho. Tena kulitokea jambo ambalo ni vema mlijue: mwishoni mwa mwaka 1993 na mwanzoni mwa mwaka 1994, wazee, bami, walimu na watu wa makanisa waliketi pamoja katika mabaraza, wakazungumza, na vita vikapoa. Watu walianza kurudi na kupanda maharagwe. Kwa hiyo si kweli kwamba magomvi ya Masisi hayawezi kuzungumzwa. Yalizungumzwa, na mazungumzo yalizaa matunda. Kilichoyaharibu kilitoka nje.

Wakati huo huo Askofu Munzihirwa alikuwa ameitwa Bukavu. Mwaka 1993 alipewa kulisimamia jimbo kuu la Bukavu lililokuwa limebaki bila askofu wake, na mwaka 1994 akafanywa Askofu Mkuu. Jimbo kuu la Bukavu ni kama kaka mkubwa wa majimbo ya Goma, Butembo-Beni, Uvira, Kasongo na Kindu. Maaskofu wa majimbo hayo hukutana na kuandika pamoja. Kwa hiyo majonzi ya Masisi yalikuwa majonzi yake pia.

Kazi yake ya Bukavu ilikuwa mpya kabisa wakati Rwanda ilipoingia gizani. Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku mia moja hivi, Batutsi zaidi ya nusu milioni waliuawa, na hesabu nyingine husema 800,000 au zaidi. Na Bahutu waliokataa mauaji waliuawa pamoja nao. Wauaji walikuwa askari wa serikali na vijana walioitwa Interahamwe, na majirani wengi wakawafuata. Mwezi wa Julai jeshi la FPR likashinda. Ndipo Bahutu wengi wakakimbia, wasio na hatia pamoja na wauaji, wakiwa wamechanganyika kama ngano na magugu. Karibu milioni moja waliingia Goma kwa siku chache. Wengine, mamia ya maelfu, walivuka mto Ruzizi wakaingia Bukavu.

Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kaburi, na maji yako ziwani tu. Watu wakanywa maji machafu, kipindupindu kikaingia, na katika mwezi mmoja watu wapata 50,000 wakafa. Bukavu walilala kila mahali: barabarani, katika viwanja vya shule, katika viwanja vya makanisa. Askofu Mkuu alifungua milango. Aliwaomba wakristu wa Bukavu, ambao wenyewe walikuwa maskini, wagawane walichokuwa nacho. Na waligawana. Kisha Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likawahamisha wageni, likawajengea makambi nje ya mji: Kashusha, Inera, na mengine.

Hapa ndipo shida kubwa ilipotokea, na lazima niieleze polepole. Chakula kilikuja, na dawa zilikuja, kutoka Ulaya na Marekani na mahali pengine. Lakini ndani ya makambi wakubwa walikuwa wale wale waliotawala Rwanda wakati wa mauaji. Wao ndio waliohesabu watu, na wao ndio waliogawa unga. Walihesabu watu wengi kuliko waliokuwapo, wakauza ziada, wakanunua silaha. Mtu aliyetaka kurudi Rwanda alitishwa au aliuawa. Mwishoni mwa mwaka 1994 waganga fulani kutoka Ufaransa, wa shirika la Médecins Sans Frontières, waliondoka katika makambi kwa sababu waliona kwamba msaada wao unawalisha wauaji. Wengine walibaki, kwa sababu waliona watoto wenye njaa, na mtoto hana hatia. Nani alifanya vema? Watu wenye akili wamebishana juu ya jambo hilo mpaka leo.

Askofu Munzihirwa alikuwa upande wa kubaki na kulisha. Lakini hakuona kwamba chakula kinatosha. Aliandika barua nyingi, kwa maaskofu wa nchi nyingine, kwa mabalozi, kwa wakubwa wa mataifa. Aliomba mambo machache, akayarudia bila kuchoka. Wakubwa wa Rwanda wazungumze na wakimbizi, na wakimbizi wazungumze nao. Kila mkimbizi arudi kwake akiwa na usalama, asisukumwe kwa bunduki. Wanaouza silaha katika nchi za Maziwa Makuu wazuiwe. Na kabila lote lisihukumiwe kwa dhambi za baadhi ya watu wake.

Barua zile hazikuwapendeza wengi. Mobutu na majenerali wake hawakumpenda, kwa maana aliwataja askari wao kuwa wanyang'anyi. Wakubwa wa Kigali hawakumpenda, kwa maana alisema jeshi lao nalo limeua watu. Wengine walimlaumu wakasema anawatetea mno Bahutu waliokimbia, hata anasahau waliouawa na baadhi yao. Lawama hiyo ilisemwa kwa uchungu, na waliofiwa walikuwa na haki ya kuwa na uchungu. Lakini mtu akisoma maisha yake yote ataona kwamba alifanya Bukavu alivyofanya Kinshasa mwaka 1971: alikwenda akasimama karibu na wale waliokuwa wanapigwa siku ile. Kama wangepigwa wengine kesho, angehama akasimame karibu nao.

Mwezi wa Agosti 1995 serikali ya Zaire ilipoteza uvumilivu, ikaanza kuwafukuza wakimbizi kwa nguvu. Kwa siku chache watu wapata 15,000 walisukumwa kurudi Rwanda. Wengine wengi walikimbilia porini. Dunia ikapiga kelele, na kazi hiyo ikasimama. Mazungumzo yaliyotakiwa hayakufanyika.

Huko Masisi, amani iliyofanywa na mabaraza ilikuwa imekwisha kufa. Watu wenye silaha kutoka makambini waliingia vilimani, wakaungana na wengine, wakawafukuza Batutsi, wakapigana na Bahunde. Ng'ombe wa Masisi, waliokuwa wengi kama nyasi, waliibwa na kuchinjwa mpaka vilima vikabaki vitupu. Mwezi wa Mei 1996 vita vilifika Mokoto, katika monasteri ya Watrapisti. Watawa wale walikuwa wameanza kukaa hapo mwaka 1954, wakilima na kusali. Batutsi waliokosa pa kwenda walikuwa wamekimbilia kwao. Washambuliaji waliingia mpaka ndani ya kanisa, wakawaua watu wengi humo. Watawa walilazimika kuondoka.

Basi mwezi wa Oktoba 1996 vita vikubwa vikaanza. Tarehe 7 hivi naibu wa gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba Banyamulenge, yaani Batutsi wa milima ya Uvira na Fizi, waondoke nchini kwa muda wa siku chache. Lilikuwa neno baya sana. Waasi, walioitwa baadaye AFDL, wakashambulia, na jeshi la Rwanda likavuka mpaka pamoja nao. Uvira ilianguka karibu na tarehe 25. Wakimbizi wa Rwanda na wa Burundi, waliokuwa makambini karibu na Uvira, wakakimbilia Bukavu. Na Bukavu wenyewe wakaanza kusikia mizinga.

Askari wa Zaire waliokuwa wamewekwa kuulinda mji walifanya walichozoea. Walivunja maduka, walichukua magari, wakajaza magodoro na redio, wakaenda zao. Wakubwa wa serikali na wa jeshi wakaondoka. Wenye fedha wakaondoka. Kila mtu aliyekuwa na gari na petroli alikuwa na sababu nzuri ya kuwa mahali pengine.

Askofu Mkuu alikuwa na gari. Alikuwa na shirika lenye nyumba Kinshasa na Ulaya, na hakuna padri hata mmoja ambaye angekataa kumpokea. Alibaki. Siku zile za mwisho alikuwa kama mkubwa pekee aliyesalia katika mji wa mamia ya maelfu ya watu. Aliwaomba wakazi watulie, wasikimbie ovyo, wasiwaguse majirani zao kwa sababu ya kabila. Alituma maombi ya mwisho nje ya nchi, akiomba mapigano yasimame na watu wasaidiwe kabla hawajaangamia. Alizunguka mjini kuona nani anahitaji nini.

Jumanne tarehe 29 Oktoba, jioni, alikuwa ndani ya gari lake, na watu wachache pamoja naye. Walipofika Nyawera walikutana na askari wa upande wa waasi na wa Rwanda, waliokuwa wamekwisha kuingia mjini. Wakasimamishwa. Wawili waliokuwa naye wakapigwa risasi wakafa. Askofu akashuka. Akaenda kwa miguu kuwaelekea askari, msalaba mkononi. Wakamshika kwa muda. Kisha wakamwua.

Mwili wake ulilala barabarani usiku ule, na siku iliyofuata pia, kwa kuwa risasi zilikuwa zinalia bado na watu waliogopa kutoka. Mwishowe vijana wa seminari wa Waksaveri walikwenda kuuchukua. Walimzika kwenye katedrali ya Bukavu, inayoitwa Mama Yetu wa Amani.

Je, aliyoyaomba yalifanyika? Tarehe 5 Novemba wakubwa wa nchi jirani walikutana Nairobi wakaomba jeshi la mataifa lije kufungua njia za msaada. Mobutu hakuwapo, alikuwa Ulaya, mgonjwa. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikubali jeshi hilo liundwe, na Kanada ikakubali kuliongoza. Siku ile ile wakimbizi mamia ya maelfu walianza kurudi Rwanda kutoka Mugunga, karibu na Goma, baada ya kambi yao kushambuliwa. Mataifa yakaona watu wamerudi, yakasema kazi imekwisha. Jeshi halikuja.

Lakini si wote waliorudi. Wengi waliingia msituni. Waliotoka Kashusha na Inera walipita Bunyakiri na Hombo, wakaingia Walikale, wakiendelea kuelekea Tingi-Tingi na Kisangani. Walitembea na watoto migongoni, mvua ikinyesha, na nyuma yao walifuatwa na askari. Wengi sana walikufa katika barabara ile, kwa njaa, kwa malaria, na kwa kuuawa. Watu wa vijiji vya Walikale wenyewe hawakuwa na chakula cha kutosha, na wengine waliporwa na hao hao wapita njia. Hata hivyo kuna waliowapa mihogo na maji. Kuna waliochukua watoto waliookotwa kando ya barabara, wakawalea kama watoto wao.

Mwaka 1997 Bukavu ilipata Askofu Mkuu mwingine, Emmanuel Kataliko, mtu wa Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni kwa miaka zaidi ya 30. Naye alikuta vita, maana vita vya pili vilianza mwezi wa Agosti 1998. Naye alisema juu ya unyang'anyi na mauaji. Mwezi wa Februari 2000 waasi wa RCD, waliotawala Bukavu wakati ule, walimkataza kukaa katika jimbo lake, wakampeleka Butembo kama mfungwa. Wakristu wa Bukavu walikataa kunyamaza. Alirudishwa mwezi wa Septemba, na mji mzima ukatoka kumpokea. Majuma machache baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, alifariki Roma. Mwili wake uliletwa nyumbani, akazikwa Bukavu kwenye katedrali ile ile alipozikwa Munzihirwa.